Florence Nightingale: Aliyefundisha kuuguza nyumbani kwa maji, sabuni na dirisha wazi

Wengi wanamfahamu Florence Nightingale kama mama aliyeshika taa, na Mei 12, siku aliyozaliwa, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Wasilolijua wengi ni kwamba kitabu chake mashuhuri hakukiandikia hospitali. Alimwandikia mtu wa kawaida anayemuuguza mgonjwa nyumbani.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence nchini Italia, na ndiko jina lake lilikotoka. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Binti wa nyumba kama hiyo alitazamiwa kuolewa na kutunzwa na watumishi. Uuguzi ulidharauliwa, ukihesabiwa kazi ya watu wa chini. Familia ilimkatalia kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1851 alipopata kusoma kwa miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani.

Vita vya Crimea ndivyo vilivyomtangaza. Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya jiji la Istanbul, akiwa na wauguzi 38. Alikuta askari wa Uingereza wamejazana katika uchafu, hawana hata mashuka ya kutosha. Akatafuta brashi na sabuni, akapanga mahali pa kufulia nguo na jiko la wagonjwa.

Pamoja na jitihada hizo, vifo viliendelea kupanda. Katika majira hayo ya baridi walikufa askari zaidi ya 4,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa na kipindupindu. Jengo lilikuwa juu ya mitaro ya maji machafu iliyoziba. Machi 1855 tume ya usafi ilifika kutoka Uingereza. Ilizibua mitaro, ikazoa takataka na mizoga, ikapaka kuta chokaa na kuingiza hewa safi. Kwa hesabu zake Nightingale, Februari walikuwa wakifa wagonjwa 42 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa wawili tu.

Aliporudi kwao mwaka 1856 watu walimhesabu kuwa shujaa, lakini hakuwa na raha. Alipozichambua takwimu pamoja na mtaalamu William Farr, alitambua kwamba uchafu wa jengo alilohudumu ndilo lililoua wengi, wala si upungufu wa chakula na vifaa peke yake kama alivyodhani mwanzoni. Angeweza kunyamaza. Badala yake alizichora hesabu hizo kwa rangi na kuzifikisha kwa wakubwa wa serikali.

Somo hilo ndilo aliloliingiza katika kitabu cha uuguzi alichokiandika mwaka 1859. Alitaja mambo matano ya nyumba yenye afya: hewa safi, maji safi, mitaro inayopitisha maji, usafi na mwanga. Chombo cha haja cha mgonjwa kiwe na mfuniko, kimwagwe na kuoshwa mara moja, kisishinde chumbani. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kwa maana kitambaa kikavu hulihamisha tu. Na mwuguzi anawe mikono mara kwa mara mchana kutwa.

Wakati huo mjini Liverpool, mfanyabiashara William Rathbone, ambaye mkewe aliuguzwa nyumbani hadi kufa, alimlipa mwuguzi yule aendelee kuhudumia maskini katika nyumba zao. Alipokosa wauguzi wa kutosha alimwomba Nightingale ushauri, na mwaka 1862 shule ya kuwafundisha ikaanza. Wauguzi hao wa mitaani walipoingia kwa mgonjwa walianza na chumba chenyewe: kusafisha, kufungua dirisha, kuonyesha jamaa namna ya kuendelea.

Nightingale hakupatia kila kitu. Kwa miaka mingi aliamini kwamba hewa chafu ndiyo chanzo cha magonjwa, na alichelewa kukubali habari za vijidudu. Leo anayemhudumia mgonjwa nyumbani anajua kwamba matapishi, kinyesi na damu hubeba vijidudu, hivyo avae glavu, atumie klorini, na anawe tena baada ya kuzivua. Kunawa mikono hakujapitwa na wakati.

Yeye mwenyewe aliugua kwa miaka mingi na kuandika akiwa kitandani. Alifariki nyumbani kwake London Agosti 13, 1910, akiwa na miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey, akazikwa kijijini East Wellow.

Wapo miongoni mwetu waliorudi kutoka ng'ambo walikokuwa wakitunza wazee majumbani, na wapo wanaomuuguza mzazi baada ya kufunga duka. Kazi hiyo bado hudharauliwa. Lakini ndoo iliyofunikwa na mikono iliyonawiwa humlinda mgonjwa, na humlinda pia anayemtunza.