Mswaki wa Dk Kirk na moyo unaorudi kuvurugika

Ndugu msomaji, ukifika Ujiji utaoneshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na utasimuliwa habari za mwembe uliokuwapo hapo. Kuna daktari mwingine ambaye jina lake halitajwi sana, ingawa mizigo aliyoituma kutoka Zanzibar ilisubiriwa Ujiji kwa hamu kubwa. Huyo ni John Kirk. Wiki hii nataka umfahamu, kwa sababu maisha yake yanagusa tatizo ambalo wengi wanalo bila kujua: moyo unaopiga bila mpangilio.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Alitibu majeruhi na wagonjwa wakati wa vita vya Crimea. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa Livingstone katika Mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Walipanda Mto Shire na kufika Ziwa Nyasa mwaka 1859.

Huko wawindaji walipaka mishale yao sumu ya mbegu za mmea unaotambaa, waliouita kombe. Kirk aliweka kiasi cha sumu hiyo mfukoni, pamoja na mswaki wake. Baadaye akaanza kuhisi uchungu mdomoni. Hakushtuka, maana mpini wa mswaki huo aliutumia pia kunywea kwinini. Siku hizo alikuwa na mafua na mapigo yake yalikuwa yamepanda. Alipojipima, aliyakuta yameshuka ghafla.

Hakulipuuza jambo hilo. Mmea huo ulifikishwa Uingereza, na huko Edinburgh Profesa Thomas Fraser akauchunguza na kutoa ndani yake dawa iliyoitwa strofantini. Kuanzia miaka ya 1880 ilitumika kutibu moyo uliochoka. Ni ndugu wa digoksini, dawa ambayo sisi madaktari bado tunaitumia kupunguza kasi ya moyo kwa baadhi ya wagonjwa. Tafadhali usijaribu mmea wa namna hiyo nyumbani. Tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni ndogo mno.

Mwaka 1866 Kirk alikuja Zanzibar kama daktari wa ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha akapanda cheo hadi kuwa balozi. Ni yeye aliyepeleka vitu kwa Livingstone aliyekuwa mgonjwa bara. Lakini mzee huyo aliporudi Ujiji Oktoba 1871, akiwa hoi, alikuta mwenye dhamana ya mizigo ameshaiuza. Lawama zikamwangukia Kirk, na uhusiano wao ukaharibika.

Juni 1873 Kirk alifanikiwa kumshawishi Sultani Barghash atie saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Soko lilifungwa kweli. Hata hivyo watu waliendelea kukamatwa bara na kuswagwa nchi kavu kwa misafara, na mwaka 1876 Sultani alilazimika kupiga marufuku misafara hiyo nayo. Kirk alijifunza kwamba kufunga mlango mmoja hakutoshi ikiwa kinachousukuma uovu bado kipo. Aliondoka Zanzibar miaka ya 1880 na kufariki Uingereza Januari 1922, akiwa na miaka 89.

Somo hilo, msomaji wangu, ndilo tunalokutana nalo leo katika kutibu moyo. Vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kupiga sawasawa, damu hutuama na kuganda, na bonge likienda kwenye ubongo huleta kiharusi. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Michel Haïssaguerre, walionesha kuwa cheche za vurugu hiyo mara nyingi huanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo hospitali kubwa za moyo hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye nyonga hadi moyoni na kuunguza njia za cheche hizo. Wengi hupona. Kwa wengine vurugu hurudi baada ya miezi au miaka.

Kwa nini irudi? Sababu moja ni usugu wa insulini, yaani mwili kutoisikia homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, mafuta hujikusanya tumboni na hata kuuzunguka moyo, na nyama ya moyo hupata makovu. Makovu hayo huzaa cheche mpya. Daktari anaweza kuukadiria usugu huu kwa damu iliyopimwa kabla hujala, akilinganisha sukari na insulini, au sukari na mafuta yaitwayo trigliseridi. Tafiti kadhaa zimeona kwamba wenye viashiria vya juu hurudiwa zaidi baada ya kuunguzwa.

Habari njema ilitoka Adelaide, Australia, mwaka 2014. Wagonjwa ambao baada ya tiba hiyo walisimamiwa kwa karibu uzito, shinikizo la damu, sukari, mafuta, usingizi, pombe na sigara, walikaa na mapigo mazuri kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo, wewe uliyeko Mwanga, Ujiji au Kasulu, anza na unachoweza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiruka-ruka bila mpangilio, nenda kituo cha afya ukapimwe moyo kwa mashine. Pima kiuno, shinikizo na sukari. Endelea kula dagaa na mgebuka wako, ila punguza mawese ya kukaangia, soda na chai ya sukari nyingi, na tembea kila siku. Kama umepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache kwa sababu tu unajisikia vizuri. Na kama umeshatibiwa kwa mrija, rudi kliniki kama ulivyopangiwa na umuulize daktari wako kuhusu sukari na mafuta yako, maana tiba yako bado inaendelea.