Ludwig Krapf, Mhifadhi wa Maneno

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, katika Ujerumani ya leo. Alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Msiba huo haukumzuia kujifunza lugha za wenyeji. Mwaka 1850 alichapisha msamiati uliolinganisha Kiswahili na lugha nyingine tano, zikiwemo Kikamba na Kipokomo. Kamusi yake kubwa, iliyosheheni maneno ya Kimvita, ilichapishwa London mwaka 1882. Yeye alikuwa ameaga dunia mwaka uliotangulia. Kiswahili sanifu kilipojengwa juu ya Kiunguja, baadhi ya maneno hayo yalisahauliwa. Mtafiti anayetaka kuyafufua atayakuta kwa Krapf.