NED HANLAN: MWEPESI ALIYEWASHINDA WAZITO

Katika kila shule yupo kijana ambaye, timu inapochaguliwa, huachwa mpaka mwisho kwa kuwa ni mdogo wa mwili. Wenzake hawamchukii. Humtazama mikono, wakamtazama na mabega, wakaona hafai, basi. Maisha ya Edward Hanlan wa Kanada yafaa yasomwe na kijana huyo. Yafaa pia yasomwe na sisi wakubwa, ambao leo ndio tunaochagua wengine makazini na viwanjani.

Hanlan, ambaye watu wote walimwita Ned, alizaliwa tarehe 12 Julai 1855 katika mji wa Toronto. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya Ireland. Toronto uko kando ya Ziwa Ontario, na mbele ya bandari yake palikuwa na ulimi mrefu wa mchanga ulioshikana na nchi kavu. Mwaka 1858 tufani iliukata ulimi huo, na tangu hapo ukawa kisiwa. Baba yake Ned, John Hanlan, alikuwa mvuvi, na baadaye akafungua hoteli huko huko kisiwani. Kwa watoto wa nyumba ile, basi, mashua haikuwa mchezo. Aliyetaka kufika mjini, iwe kwa soko au kwa shule, alishika makasia akavuka bandari. Ned alijifunza kazi hiyo akiwa bado mtoto mdogo.

Ndugu zetu waliokulia mwambao wanajua kafi na ngalawa, lakini mchezo huu una taratibu zake. Mpiga makasia hukaa akiupa mgongo upande anakokwenda, kasia moja kila mkono. Mashua ya mashindano ya mtu mmoja ni ndefu na nyembamba mno, hata asiyeizoea hupinduka kabla hajavuta kasia la pili. Katika karne ya 19 mchezo huu ulikuwa na washabiki wengi kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Maelfu ya watu walijipanga kingo za mito kutazama, magazeti yaliandika habari zake, na fedha nyingi sana zilichezewa kamari. Wapiga makasia mashuhuri walikuwa watu wa kulipwa, na wengi wao walikuwa wavuvi, mafundi na wachukuzi wa mitoni.

Mwaka 1873 Ned alipata ubingwa wa ghuba ya Toronto, akiwa na umri wa miaka 18. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Wamarekani walikuwa wakiadhimisha miaka 100 ya uhuru wao, na mashindano makubwa yakaandaliwa mjini Philadelphia. Lakini wakati ule ule polisi wa Toronto walikuwa wakimtafuta Ned kwa habari ya pombe iliyouzwa bila kibali kwa ajili ya hoteli ya baba yake. Inasimuliwa kwamba alitoka mlango wa nyuma, akaingia katika mashua, akavuta makasia mpaka kwenye meli iliyokuwa ikienda Marekani. Huko Philadelphia aliwashinda wote. Aliporudi nyumbani alipokewa kwa shangwe, na habari ya polisi haikusikika tena. Hatusimulii hayo ili vijana waige. Tunayasimulia kwa kuwa yalitokea, na kwa kuwa mtu huyu hakuwa malaika.

Sasa tumtazame mwili wake. Urefu wake haukufika futi 5 na inchi 9, na uzito wake ulikuwa ratili 150 hivi, yaani kama kilo 68. Wapinzani wake wengi walimzidi kwa kimo na kwa kilo. Aliwashindaje? Jibu liko katika jinsi alivyokitumia chombo chake. Siku hizo kilikuwa kimeanza kutumika kiti kinachoteleza, kikienda mbele na nyuma juu ya reli fupi ndani ya mashua. Si Hanlan aliyekibuni. Lakini wengi waliokuwa nacho waliendelea kuvuta kwa mikono na mgongo kama zamani, kana kwamba kiti kile ni pambo tu. Hanlan alielewa kwamba kiti kinachoteleza kimeleta miguu kazini, na miguu ndiyo yenye nguvu kuliko viungo vingine vyote. Alikunja magoti, akaingiza makasia majini mbali nyuma yake, kisha akasukuma kwa miguu huku mwili ukifuata bila kushtuka. Akatumia pia vishwara vya chuma vinavyozunguka, ambavyo vililiwezesha kasia kukata maji kwa upana zaidi. Matokeo yake yalikuwa mvuto mrefu na wa taratibu. Aliyemtazama alidhani hajitahidi, lakini mashua yake haikupunguza mwendo kati ya mvuto mmoja na mwingine. Mwenye nguvu nyingi alirusha maji. Hanlan alisogeza mashua.

Kwa ujuzi huo alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1877 alimshinda Wallace Ross akawa bingwa wa Kanada. Mwaka 1878 alimshinda Evan Morris akachukua ubingwa wa Marekani. Mwaka 1879 alivuka bahari, na katika mto Tyne akamshinda William Elliott, akapata na ubingwa wa Uingereza.

Mpinzani aliyempa taabu zaidi katika miaka hiyo alikuwa Charles Courtney wa jimbo la New York. Walipokutana Lachine, karibu na Montreal, mwaka 1878, Hanlan alishinda kwa nafasi ndogo tu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mambo yalipangwa. Wakaahidiana kukutana tena Oktoba 1879 katika ziwa Chautauqua, kwa zawadi ya dola 6,000. Usiku wa kuamkia shindano, mashua za Courtney zilikatwa kwa msumeno. Nani aliyezikata? Kila upande uliulaumu mwingine, na mpaka leo jambo hilo halijathibitishwa. Asubuhi yake Hanlan aliingia majini peke yake, akamaliza safari bila mpinzani. Mwezi Mei 1880 wawili hao walikutana tena mjini Washington, katika mto Potomac, na safari hii Hanlan alishinda wazi. Lakini doa la msumeno ule halikufutika. Ndivyo kamari inavyofanya: humharibia hata anayeshinda kwa haki, kwa maana hakuna tena anayemsadiki.

Siku kubwa ya maisha yake ilikuwa tarehe 15 Novemba 1880. Bingwa wa dunia alikuwa Edward Trickett wa Australia, mtu mrefu wa zaidi ya futi sita, mwenye mikono mirefu na kifua kipana. Walikutana London, katika mto Thames, kwenye njia ya kutoka Putney hadi Mortlake, ambayo ni kama kilometa 6.8. Hanlan alimwacha Trickett mapema, akaanza kucheza. Mara asimamishe mashua amngojee mwenzake, mara awapungie watu ukingoni, kisha aondoke tena. Alimaliza mbele, akawa Mkanada wa kwanza kushika ubingwa wa dunia wa mchezo huo. Watu walicheka na kushangilia. Lakini yafaa tujiulize Trickett alijisikiaje. Kushinda ni haki ya mshindani. Kumfanya aliyeshindwa kuwa kichekesho ni jambo jingine, na katika hilo Hanlan hakuwa mfano mwema.

Aliutetea ubingwa wake mara sita katika miaka iliyofuata. Kisha siku yake ikafika. Tarehe 16 Agosti 1884, katika mto Parramatta huko Australia, alikutana na William Beach, mhunzi wa Dapto. Beach alimzidi Hanlan umri na uzito, na Hanlan hakuweza kumwacha. Beach akashinda. Walirudiana mwaka 1885, Beach akashinda tena. Wakarudiana mwaka 1887, ikawa vile vile. Mwaka 1888 Hanlan alijaribu tena kuupata ubingwa, safari hii kwa Peter Kemp, akashindwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hanlan hakuacha mchezo kwa hasira. Aliendelea kuingia majini hata alipojua kwamba mbele yake wapo walio bora. Waaustralia nao hawakumsahau. Kando ya ziwa Macquarie, katika jimbo la New South Wales, upo mji uitwao Toronto, uliopewa jina hilo kwa heshima ya mji aliotoka bingwa huyo.

Hapa ndipo wengi wanapofunga kitabu cha Hanlan, na hapa ndipo sisi tunaona kinaanza kutufaa. Mwaka 1897 alikuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa klabu ya makasia ya Chuo Kikuu cha Toronto. Mtu huyu wa kisiwani, aliyejifunza kwa kuvusha mashua bandarini, sasa aliwafundisha vijana wa vitabu. Mwaka 1898 na 1899 alikuwa pia diwani wa mji wake. Mwaka 1900 akaenda New York kuwafundisha vijana wa Chuo Kikuu cha Columbia. Naye Courtney, yule wa mashua zilizokatwa, alikuwa tayari mwalimu wa makasia wa Chuo Kikuu cha Cornell, kazi aliyoifanya mpaka alipofariki mwaka 1920. Vyuo vyote viwili vilishindana katika mto Hudson huko Poughkeepsie. Hivyo mahasimu wawili waliogombana kwa ajili ya dola walimalizia umri wao wakiwafundisha wanafunzi, ambao hawakulipwa chochote ila jina la chuo chao.

Ned Hanlan alifariki Toronto tarehe 4 Januari 1908 kwa ugonjwa wa kichomi, akiwa na umri wa miaka 52. Mwaka 1926 mji ulimsimamishia sanamu, kazi ya mchongaji Emanuel Hahn. Tangu mwaka 2004 sanamu hiyo iko kisiwani, mahali paitwapo Hanlan's Point, kwa jina la familia yake.

Miaka michache baada ya kifo chake likatokea jambo ambalo yeye hakuliona. Mwaka 1916 Joseph Wright, naye mpiga makasia wa Toronto, alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Katika vyuo vya Marekani vijana wazito ndio waliochukua nafasi zote katika mashua, na wepesi wakabaki ukingoni kutazama. Chini ya Wright kikaanzishwa kikosi cha vijana wasiozidi wastani wa ratili 150. Msomaji atakumbuka kwamba huo ndio uzito wa Hanlan. Vyuo vingine vikafuata, na mpaka leo kombe la vijana wepesi katika mashindano ya vyuo vya mashariki mwa Marekani lina jina la Joseph Wright. Huko Uingereza, vijana wepesi wa Oxford na Cambridge walianza kushindana mwaka 1975 mjini Henley. Tangu mwaka 2019 shindano la wanaume limehamishiwa Thames, kutoka Putney hadi Mortlake, maji yale yale ambamo Hanlan alimshinda Trickett.

Katika vilabu hivyo ipo desturi moja ambayo haipo kwa wazito: mizani. Kabla ya shindano kila mmoja hupanda juu ya mizani mbele ya waamuzi. Katika mashindano ya kimataifa mwanamume hatakiwi kuzidi kilo 72.5, na wastani wa wenzake wote katika mashua usizidi kilo 70. Mmoja akizidi, kikosi kizima kina hatari ya kuzuiwa. Kwa hiyo hapo hakuna anayekula peke yake wala anayefanya mazoezi peke yake, kwa maana uzembe wa mmoja ni mzigo wa wanane. Desturi hiyo nayo ina hatari yake. Wapo vijana waliojinyima chakula na maji mpaka wakaugua ili mizani ikubali. Walimu wazuri hukataza jambo hilo, nasi tunakataza pamoja nao.

Wepesi walipata ubingwa wao wa dunia mwaka 1974, wakaingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Lakini Paris, mwaka 2024, ilikuwa mara yao ya mwisho, kwa kuwa katika Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028 nafasi yao imepewa mbio za makasia za baharini. Wapo wanaosikitika, wakisema mlango umefungwa. Kwa kweli mlango mmoja umefungwa. Lakini Hanlan alipoanza hapakuwa na mlango wowote wa wepesi. Hakupewa mizani ya kumlinda, bali alishindana na kila aliyekuja, akiwa na kiti kile kile walichokuwa nacho wenzake. Tofauti ni kwamba yeye alikaa akakichunguza mpaka akajua kinafanya nini.

Basi, kijana uliyeachwa mpaka mwisho wakati wa kuchagua timu, usipoteze siku zako ukiutazama mwili wako na kusikitika. Tazama chombo ulichopewa, iwe ni kasia, kalamu, jembe au hesabu, ukijue kuliko anavyokijua mwenye mabega mapana. Na sisi tuliokwisha kupita madarasa hayo, tusingoje mpaka tushindwe kama Hanlan ndipo tukumbuke kuwafundisha walio nyuma yetu.