Charles Taze Russell na Swali Lililokosa Jibu

Masomo: Yohana 1:1-14, Matendo 17:10-12, 1 Petro 3:15

Wiki hii tunaangalia maisha ya mtu ambaye wengi wetu hatuzijui habari zake, ingawa kazi yake hutufikia mpaka mlangoni. Wale wageni nadhifu wanaopita mitaani wawili wawili na mikoba ya vitabu, wakiomba dakika chache tu, sehemu kubwa ya mafundisho yao ilianza na mtu huyu. Wao ni Mashahidi wa Yehova. Yeye aliitwa Charles Taze Russell.

Alizaliwa tarehe 16 Februari 1852 huko Allegheny, mji ambao leo ni sehemu ya Pittsburgh, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wapresbiteri wenye kumcha Mungu. Mama yake alifariki Charles akiwa bado mtoto, naye akakua akimsaidia baba yake katika biashara ya nguo. Alikuwa na kichwa cha biashara, na maduka yakaongezeka.

Lakini kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi: jehanamu. Akiwa kijana mdogo alikuwa akitoka na chaki na kuandika maonyo ya Biblia mahali ambapo watu wangeyaona, ili wasipotee. Mnaona? Huyu hakuwa mtoto wa mzaha. Alibeba mzigo wa roho za watu.

Alipofika miaka 16 hivi, alijaribu kumrudisha kwa Kristo kijana mwenzake aliyekuwa ameacha imani. Mambo yakageuka. Yule kijana alimuuliza maswali mpaka Charles mwenyewe akashindwa. Mungu wa upendo anawezaje kutesa watu milele? Alitafuta majibu kanisani, lakini hayakumridhisha. Akaacha kuiamini Biblia, akaanza kuchunguza dini za nchi za mashariki.

Karibu na mwaka 1869 aliingia katika ukumbi mdogo ambapo mhubiri Mwadventista, Jonas Wendell, alikuwa akifundisha. Alitoka pale akiwa ameanza kuiamini Biblia tena. Mwaka 1870 akaanza na wenzake wachache kikundi cha kujifunza Maandiko. Hakuwa na chuo cha theolojia.

Mwaka 1876 alikutana na Nelson Barbour. Barbour na wenzake walikuwa wamemtarajia Yesu mwaka 1874, na hawakumwona. Badala ya kukubali kwamba hesabu ilikosea, walisema Yesu amekuja kweli, ila haonekani. Russell akaamini, na pesa za biashara yake zikaanza kuchapisha ujumbe huo. Walitarajia kunyakuliwa mwaka 1878. Haikuwa. Baadaye wakatengana kwa sababu Barbour alianza kukana kwamba kifo cha Yesu ni fidia kwa ajili yetu. Hapo tuseme ukweli: Russell alisimama upande wa fidia.

Julai 1879 alianzisha gazeti lake, lile ambalo leo Waswahili wanalijua kama Mnara wa Mlinzi. Mwaka huohuo alimwoa Maria Ackley, ndoa ambayo baadaye ilivunjika kwa uchungu mwingi. Mwaka 1881 alitafuta wahubiri 1,000 wa kusambaza maandishi yake, na wauza vitabu wakaanza kubisha hodi mlango kwa mlango. Kati ya 1886 na 1904 aliandika vitabu sita vikubwa. Mahubiri yake yalichapishwa katika magazeti mengi, na mwaka 1909 ofisi zake zikahamia Brooklyn, New York. Hata Afrika maandishi yake yalifika akiwa bado hai: huko Nyasaland, Malawi ya leo, Elliot Kamwana aliyahubiri na kubatiza maelfu ya watu.

Alifundisha nini? Alisema jehanamu ni kaburi tu. Alisema Roho Mtakatifu ni nguvu ya Mungu, si nafsi. Alisema Yesu kabla ya kuzaliwa alikuwa Mikaeli malaika mkuu, kiumbe wa kwanza, na kwamba alifufuka kama roho, bila mwili. Mambo haya Mashahidi bado wanayafundisha.

Kwa hesabu ya miaka 2,520 alisema falme za dunia zingefikia mwisho mwaka 1914. Hata vipimo vya piramidi kubwa ya Misri alivitumia kuunga mkono hesabu zake. Vita kuu ilizuka kweli mwaka huo, na wafuasi wake wakatiwa moyo. Lakini falme hazikuisha, wala watakatifu hawakunyakuliwa. Tarehe 31 Oktoba 1916, akiwa safarini ndani ya gari-moshi, Russell alifariki karibu na mji wa Pampa, Texas. Alikuwa na miaka 64.

Joseph Rutherford alichukua uongozi, na mwaka 1931 jina la Mashahidi wa Yehova likapitishwa. Piramidi iliachwa. Krismasi, ambayo Russell aliisherehekea, ikakatazwa. Mwaka 1874 uliachwa, na sasa wanasema Yesu alianza kutawala bila kuonekana mwaka 1914.

Sasa sisi tujifunze nini?

Kwanza, tumjue Yesu tunayemwabudu. Yohana 1:3 inasema vyote vilifanyika kwa yeye. Kama kila kilichoumbwa kiliumbwa kupitia kwake, yeye hawezi kuwa kimojawapo. Mgeni atakuonyesha Wakolosai 1:15, mzaliwa wa kwanza, akisema hiyo ni kuumbwa. Mpeleke Zaburi 89:27. Pale Daudi anafanywa mzaliwa wa kwanza, na sote tunajua alikuwa kitinda mimba wa Yese. Neno hilo hapo ni la cheo. Akikuonyesha Yohana 14:28, kwamba Baba ni mkuu, mwende pamoja Wafilipi 2:6-7: Mwana alijinyenyekeza, akatwaa namna ya mtumwa. Na Tomaso alipomwita Yesu Mungu wake, katika Yohana 20:28, Yesu hakumkemea.

Pili, Roho Mtakatifu. Sisi Wapentekoste hapa hatuwezi kunyamaza. Matendo 5:3-4, Anania alimdanganya Roho, na Petro akasema amemdanganya Mungu. Waefeso 4:30 inatuonya tusimhuzunishe. Stima ni nguvu, lakini nani amewahi kuihuzunisha stima?

Tatu, kufufuka na kurudi kwake. Luka 24:39, Yesu aliwaonyesha wanafunzi nyama na mifupa. Ufunuo 1:7, kila jicho litamwona. Na siku hiyo, Mathayo 24:36, hakuna aijuaye. Hapa tusiwacheke Mashahidi, maana hata kwetu walokole wapo wanaotangaza tarehe. Kosa ni lilelile.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, tuwasikilize vijana wetu. Russell alikuwa na bidii na machozi kwa ajili ya waliopotea. Alikosa mtu wa kuketi naye, amfungulie Maandiko polepole, amwambie kwamba hukumu ya Mungu ni ya haki na kwamba msalaba ndio unaoonyesha upendo wake. Leo kijana akiuliza swali katika ushirika, wengine wetu tunamwambia anapungukiwa na imani, aombe tu. Swali halifi kwa kunyamazishwa. Litamsubiri mlangoni, na pale atakuta mtu mpole, mwenye kitabu mkononi na muda wa kutosha.

Basi mgeni akija, usijifiche chumbani ukamtuma mtoto aseme haupo, wala usimfukuze kwa matusi. 2 Yohana 10 inatukataza kumkaribisha mwalimu wa uongo afundishe nyumbani, lakini haitupi ruhusa ya kumdharau mtu ambaye Kristo alimfia. Jibu kwa upole na heshima. Kama swali limekushinda, mwambie utalichunguza, kisha ulilete kwenye ushirika wa nyumbani tulisome pamoja, kama Waberoya.

Tuombe: Bwana, utupe kulijua Neno lako, utupe subira na watoto wetu wanapouliza, na utupe upendo kwa wale wanaobisha hodi. Katika jina la Yesu, Amina.