Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto iliyopewa jina lake, limfoma ya Burkitt, na kwa kuonyesha kwamba inaweza kutibiwa kwa dawa.

Maisha ya awali

Alizaliwa karibu na Enniskillen, katika eneo ambalo leo ni Ireland ya Kaskazini. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja baada ya kupigwa jiwe. Alianza kusomea uhandisi katika Trinity College, Dublin, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Ombi lake la kwanza la kazi katika makoloni lilikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi, na kwa muda alikaa Mombasa.

Mwaka 1946 alikubaliwa kwenda Uganda, akapangiwa Lira katika wilaya ya Lango, kisha Kampala. Huko Lango aliona kwamba busha, maradhi yanayojulikana vizuri pwani pia, yalikuwa mengi upande mmoja wa wilaya na haba upande mwingine. Tangu hapo alizoea kuuliza kwanza ugonjwa unapatikana wapi.

Ugunduzi wa limfoma

Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita katika hospitali ya Mulago amwone mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye alimkuta mwingine Jinja, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt alipekua kumbukumbu za hospitali akatambua kwamba vimbe za taya na za tumbo, zilizokuwa zikihesabiwa kama magonjwa tofauti, ni ugonjwa mmoja. Makala yake ya mwaka 1958 haikuvuta wasomaji wengi.

Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa majuma 10 walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani yao ilionyesha mkanda wa nchi zenye joto na mvua katikati ya Afrika, wenye mkia unaoshuka kandokando ya pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Pwani ya Lindi, pamoja na bandari ya kale ya Sudi iliyo karibu na nyuzi 10 kusini kwa ikweta, iko katika nchi ya namna hiyo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa ulikuwa nadra.

Burkitt alidhani mbu hueneza virusi vya saratani hiyo. Alikosea nusu. Virusi vilipatikana mwaka 1964 na Anthony Epstein na wenzake huko London, lakini huenezwa kwa mate. Mbu huhusika kwa sababu huleta malaria, ambayo hudhoofisha kinga ya mtoto.

Dawa na ubongo

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji haukutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt alijaribu methotreksati, kisha saiklofosfamaidi na vinkristini. Dozi zilikuwa ndogo, na wazazi wengine waliwarudisha watoto nyumbani kabla ya kumaliza. Hata hivyo uvimbe uliweza kuyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakaishi miaka mingi.

Tatizo lilibaki kichwani. Mishipa ya damu ya ubongo huzuia dawa nyingi zisipite, hivyo mtoto aliyepona taya aliweza kurudi akiwa na kope iliyolegea au miguu iliyopooza: saratani ilikuwa imejificha katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, chini ya Mmarekani John Ziegler, kilidunga methotreksati moja kwa moja mgongoni. Kituo hicho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Katika michanganyiko ya dawa iliyofuata mara nyingi imo steroidi kama prednisoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Neno "uvimbe" huwachanganya wasomaji, maana ni saratani inayoota na pia ni kuvimba kwa mwili ulioumia. Katika limfoma steroidi husaidia pande zote mbili, kwa kuwa huua pia chembe za saratani. Sivyo kwa saratani inayoanzia ndani ya ubongo, kama glioblastoma. Huko deksamethasoni, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, hupunguza maji yanayobana ubongo. Mgonjwa aliyelala huweza kuamka na kuzungumza, lakini saratani inabaki. Tafiti za baadaye zimeona kwamba wanaoitumia sana huishi muda mfupi zaidi, ingawa ni vigumu kutenganisha athari ya dawa na ukali wa ugonjwa uliofanya ipewe.

Miaka ya mwisho

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alipata umaarufu wa pili kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, jambo alilojifunza kwa kulinganisha magonjwa ya Waganda na ya Waingereza. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82.