Mwana Kupona binti Msham: Mama na Mwalimu wa Siyu

Hakuna anayesoma historia ya ushairi wa Kiswahili bila kukutana na jina la Mwana Kupona binti Msham. Hata hivyo, aghalabu jina hilo hutajwa kwa ajili ya utendi mmoja tu, na mwanamke mwenyewe akaachwa nyuma ya beti zake.

Mwana Kupona alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mji huo wa kisiwa cha Pate ulisifika kwa wanazuoni, mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu. Ulisifika pia kwa ukaidi. Kwa miaka mingi Bwana Mataka alikataa kuinama mbele ya Seyyid Said wa Unguja, na katika miaka ya 1840 jeshi la Sultani lilishindwa vibaya mlangoni mwa Siyu. Nyumba ya Mwana Kupona, basi, ilikuwa nyumba ya vita.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mjane alibaki na binti aliyekuwa akikua, Mwana Hashima, aliyezaliwa mwaka 1841. Ulinzi wa baba ulikuwa umeondoka, na wa mama nao ulikuwa njiani kuondoka, kwani Mwana Kupona alishikwa na maradhi yaliyomkalia mwaka mzima bila nafuu. Katika hali hiyo, mwaka 1858, alimwita bintiye, akamtaka alete wino na karatasi, akaanza kumfundisha.

Alichomfundisha kinajulikana. Kwanza dini, kisha adabu ya ulimi, kisha namna ya kukaa na watu: asifuatane na wajinga, asiwe mchongezi, awahurumie maskini. Yafuatayo ndiyo yaliyozua mjadala. Mwanamke anahitaji radhi tano, za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na siku ya kiyama mume ndiye atakayeulizwa kama mkewe anastahili pepo. Mke amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema, aifukize nyumba udi, ajipambe kwa wanja na vikuku, asitoke bila ruhusa.

Utendi huu umesafiri mbali na Siyu. Mwalimu anayeufundisha Kitengela, mji uliojaa watu wa kila kabila waliofuata kazi za Nairobi na Athi River, hana budi kwanza kueleza kwamba mato ni macho na ndia ni njia. Huo ni ugumu mdogo. Mjini Kajiado kuna ugumu mkubwa zaidi, kwa kuwa shule ya msingi ya wasichana ya AIC imejulikana kwa miaka mingi kama kimbilio la wasichana wa Kimaasai wanaokimbia ukeketaji na ndoa za mapema. Msichana aliyemtoroka mume aliyechaguliwa asiposhirikishwa atausikiaje wosia wa kumridhisha mume?

Wahakiki hawajaafikiana. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliusoma utendi huu kama kazi yenye kejeli, ambamo mume anayetunzwa kama kitoto hawezi kuwa bwana kamili. Usomaji huo unavutia, ila hautoshi kulifuta agizo la utii, ambalo limo na limesisitizwa. Jambo lenye uzito zaidi ni hali ya mtoaji wosia. Huyu ni mama anayekufa, mjane wa mtawala mwenye maadui, anayemwacha binti katika jamii ambamo kinga ya mwanamke ilikuwa ndoa. Alimpa silaha zilizokuwapo. Halafu (na hili husahaulika darasani) alimpa kwa maandishi, akitumaini kwamba wanawake wengine nao wangeusoma. Alijua kwamba wasomaji wanawake wapo.

Kwa umbo, kazi yake ni utendi kamili wa beti mia moja na ushei, wenye vipande vinne vya mizani nane na kina cha mwisho kisichobadilika. Sehemu ya mwisho imegeuka dua ndefu: anawaombea watoto, ndugu na Waislamu wote, na anajiombea mwenyewe shifaa.

Shifaa haikuja. Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860. Siyu iliangukia mikononi mwa Sultani Majid mwaka 1863, na Sheikh Muhammad bin Mataka, aliyeendeleza vita vya babake, alifia kifungoni katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mwana Hashima aliishi. Alice Werner aliuchapisha utendi mwaka 1917, kisha akauhariri upya pamoja na William Hichens katika kitabu kilichotoka mwaka 1934. Binti aliyeambiwa alete wino alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na umri wa miaka 92.