Fadhili William na safari ya 'Malaika' hadi kwa magwiji wa roki

MTALII anayeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Moi, kule Changamwe, kisha akapelekwa kwenye hoteli za Nyali, Bamburi au Shanzu, hakai sana kabla ya kuusikia wimbo wa Malaika. Akivuka feri ya Likoni na kushika njia ya pwani ya kusini, mambo ni yayo hayo. Bendi huupiga jioni wageni wanapokula, na mara nyingi wageni wenyewe huuitikia, kwa kuwa waliujua kabla hawajatia mguu Mombasa. Waliusikia kwao, kutoka kwa watu wengine kabisa.

Aliyeuimba kwanza mbele ya kipaza sauti cha studio alikuwa Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa Taita Taveta. Alizaliwa Novemba 11, 1938. Kwa lugha ya kwao, Mdawida ni Mtaita, kwa hivyo jina hilo la tatu lilimtambulisha na kutaja asili yake kwa pamoja.

Utoto wake ulianzia Taita, kisha akasoma Pumwani jijini Nairobi. Baadaye alijiunga na Shule ya Sekondari ya Shimo la Tewa, upande wa Kisauni karibu na daraja la Mtwapa. Watu wa bara wakisikia Shimo la Tewa hukumbuka gereza, lakini wenyeji wa Mombasa wanafahamu kwamba shule hiyo imewalea vijana wengi wa Pwani. Fadhili hakumaliza masomo. Gitaa lilikuwa limekwisha kumteka, naye akaiacha shule ili aufuate muziki.

Uamuzi huo haukuwa wa ajabu kwa kijana wa Pwani wa miaka ya 1950. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimewarejesha nyumbani askari waliojifunza ala za kizungu katika vikosi vya burudani. Mmoja wao ni Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi, aliyetumbuiza wanajeshi wa King's African Rifles hadi Burma, kisha akarudi na kuwa miongoni mwa wapiga gitaa wa kwanza nchini kurekodi santuri. Santuri za rumba kutoka Cuba nazo zilikuwa zikiuzwa madukani na kuchezwa mikahawani. Mvulana mwenye sikio jepesi hakuhitaji mwalimu mwingine.

Fadhili alirejea Nairobi na kuimba na kundi la Jambo Boys. Ni pamoja na kundi hilo, mnamo 1960 hivi, ambapo alirekodi Malaika. Miaka michache baadaye aliurekodi upya katika studio za Equator Sound, zilizoongozwa na Mwingereza Charles Worrod. Toleo hilo la pili ndilo lililoenea.

Equator ilikuwa mahali pa pekee katika historia ya muziki wetu. Bendi yake iliwakusanya pamoja Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Katikati ya watu hao Fadhili hakuwa mpiga gitaa hodari kupita wote, wala sauti yake haikuwa na kishindo. Alikuwa na jambo jingine: aliimba kama mtu anayezungumza na mmoja tu. Sikiliza santuri yake ya zamani na uilinganishe na matoleo ya baadaye yaliyojaa vinanda na waitikiaji. Katika ile ya kwanza, umaskini wa kijana unasadikika.

Maana wimbo wenyewe ni malalamiko ya asiye na kitu. Kijana anampenda msichana, angemwoa, ila mali hana. Fadhili alieleza kwamba aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda ujanani, ambaye hatimaye aliolewa na mwanamume mwingine. Kisa hicho kinaeleweka katika kila kijiji chenye desturi ya mahari, na pengine ndiyo sababu zaidi ya mtu mmoja alijitokeza baadaye kudai kuwa ni chake. Tutalirudia jambo hilo.

Kwanza tutazame jinsi wimbo huo ulivyokutana na watu mashuhuri, kwa maana hakuna aliyepanga. Mnamo 1962 mwimbaji wa Afrika Kusini, Miriam Makeba, alizuru Kenya kuunga mkono harakati za uhuru. Makeba alikuwa mkimbizi aliyezuiwa kurudi kwao, na kila alipopita alikuwa akiokota nyimbo za Waafrika wengine na kuzitia katika mkoba wake. Malaika uliingia humo. Mwaka wa 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya pamoja, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Belafonte naye hakuwa mgeni kwa mambo ya Kenya, kwani tangu 1959 alikuwa miongoni mwa Wamarekani waliochangisha fedha kwa safari za wanafunzi zilizoandaliwa na Tom Mboya.

Kutoka hapo wimbo ukawa kama mashua iliyokatika kamba. Mwaka wa 1967 ulitia nanga nchini Sweden, mikononi mwa Hep Stars, kundi la vijana wa roki lililopendwa mno katika nchi hiyo. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa ABBA, kundi lililoshinda shindano la Eurovision mnamo 1974 na kuitikisa dunia. Hivyo basi, kabla ya ulimwengu kumjua, gwiji huyo alikuwa amekwisha kupiga wimbo wa mapenzi wa Kiswahili uliorekodiwa kwanza na kijana aliyekatiza masomo yake Kisauni.

Halikuwa tukio la pekee. Mwaka mmoja baadaye, mnamo 1968, kundi la Tremeloes la Uingereza lilitoa Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka, mwenzake Fadhili pale Equator. Ulipanda hadi nambari 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Bendi moja ndogo ya Nairobi ilikuwa imetoa watunzi wawili ambao kazi zao ziliingia katika muziki wa vijana wa Ulaya katika muda wa mwaka mmoja hivi. Jambo hilo halijapewa uzito unaostahili katika historia ya utamaduni wetu, ambayo hupenda kusimulia yale tuliyoyaiga kwa wageni na kuyasahau yale ambayo wageni waliyachukua kwetu.

Pwani ya Mombasa nayo ilikuwa ikibadilika. Nyali Beach Hotel ilikuwa imefunguliwa tangu 1946, na katika miaka ya 1970 hoteli ziliota moja baada ya nyingine kuelekea Bamburi na Shanzu. Uwanja wa ndege wa Changamwe ulipopanuliwa na kuwa wa kimataifa mwishoni mwa mwongo huo, ndege za kukodiwa kutoka Ujerumani zilitua moja kwa moja. Daraja jipya la Nyali likakamilika mwaka wa 1980. Vijana wa Kisauni na Likoni waliojua kupiga gitaa wakapata ajira iliyokuwa adimu hapo awali, ya kuwatumbuiza wageni usiku baada ya usiku, na nyimbo ambazo wageni walizitaka zilikuwa chache na zilezile. Malaika ulikuwa wa mbele.

Miongoni mwa bendi za hoteli hizo ni Them Mushrooms, iliyoanzishwa 1972. Kiongozi wao, Teddy Kalanda Harrison, alitunga Jambo Bwana kwa ajili ya wageni hao hao, na santuri yake ikatoka 1982. Kundi la Boney M, lililokuwa chini ya mtayarishaji wa Kijerumani Frank Farian, lilikuwa limetoa Malaika mnamo 1981. Mnamo 1983 likatoa toleo lake la Jambo. Nyimbo mbili za Kiswahili katika miaka miwili, zote kutoka kwa kundi lililokuwa na makao yake Ujerumani, wakati ambapo Wajerumani walikuwa wakiota jua katika fuo za Bamburi. Sidhani kwamba hayo yalitokea bila sababu.

Hata wanamuziki wakubwa wenyewe walipita hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza David Bowie alizuru Kenya pamoja na mwanawe mdogo. Mjini Mombasa alikutana kwa bahati na marubani wa zamani wa Kijerumani waliokuwa wakipoteza siku zao katika mabaa, na kutokana na hao akatunga African Night Flight, wimbo uliomo katika albamu yake ya Lodger ya 1979. Ndani yake mna maneno ya Kiswahili. Bowie, aliyefariki Januari 2016, aliondoka Mombasa akiwa na wimbo wenye jina lake juu yake. Hakuna aliyemshindania.

Fadhili hakujaliwa utulivu kama huo. Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa 1916, alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeutunga Malaika alipokuwa akiishi Nairobi katika miaka ya 1945 na 1946, kwa ajili ya mchumba ambaye wazazi walimwoza kwa tajiri. Wapo pia walioamini kwamba wimbo huo ulikuwa ukiimbwa na watu wa Pwani na Tanganyika kabla ya yeyote kuuandika. Fadhili hakulegeza dai lake hadi mwisho wa maisha yake.

Mtu anaweza kuuliza ni nani mkweli. Mwandishi huyu haoni kwamba swali hilo litapata jibu litakalomridhisha kila mmoja. Adam Salim alikuwa na kisa chenye tarehe na mahali. Fadhili alikuwa na santuri. Mbele ya wachapishaji wa muziki, santuri ndiyo iliyosema, na jina la Fadhili ndilo lililoandikwa kama mtunzi katika matoleo mengi na kutambuliwa katika malipo ya mirabaha. Katika zama zile nyimbo zilipita kinywa kwa kinywa kutoka Tanga hadi Mombasa hadi Nairobi, kila mwimbaji akiongeza ubeti au kupunguza. Aliyeufikia mtambo wa kurekodi kwanza aliugeuza mto kuwa kisima chake. Hilo si kosa la Fadhili. Ndivyo biashara ya santuri ilivyokuwa, na waliofaidika nayo zaidi hawakuwa Fadhili wala Adam Salim.

Watu wengi nje ya Kenya waliudhani kuwa wimbo wa jadi usio na mwenyewe. Wengine waliuhesabu kuwa wa Makeba, kwa kuwa aliuimba majukwaani kwa miongo kadhaa hadi kifo chake mnamo 2008. Angelique Kidjo wa Benin aliurekodi 1991, na kizazi kingine kikadhani ni wake. Kila msanii mkubwa aliyeugusa aliupeleka mbali zaidi, na kila hatua hiyo ilimsogeza Fadhili nyuma kidogo.

Maisha yake ya baadaye hayakufanana na umaarufu wa wimbo wake. Alihamia Marekani na kuishi huko kwa miaka mingi, katika nchi ambako sauti za Makeba na Belafonte zilikuwa zimeutangulia wimbo wake, lakini ambako yeye mwenyewe alikuwa mgeni mmoja tu kati ya mamilioni. Alirejea Kenya katika miaka ya 1990. Zile siku za Equator zilikuwa zimepita. Vijana walikuwa wakisikiliza muziki mwingine, na wenzake wa zamani walikuwa wametawanyika.

Alifariki Februari 11, 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Novemba ya mwaka uo huo Daudi Kabaka naye akafuata, na hivyo watunzi wawili wa Equator ambao nyimbo zao zilikuwa zimewafikia wana roki wa Ulaya wakatoweka katika muda wa miezi tisa.

Mwaka huo ndio Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Hakimiliki, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuanza kutumika 2003. Kwa mujibu wake, hoteli au ukumbi unaopiga muziki hadharani sharti upate leseni na kulipa ada, ambayo hupaswa kuwafikia watunzi au warithi wao. Malalamiko kuhusu kiasi kinachowafikia yamekuwa mengi tangu Chama cha Hakimiliki za Muziki, MCSK, kilipoanzishwa 1983, na yameendelea chini ya sheria mpya. Mpiga gitaa wa Bamburi hulipwa na hoteli kwa usiku wake. Kinachomfikia mtunzi aliye kaburini ni hesabu nyingine, inayofanywa mbali na jukwaa.

Sheria hiyo inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa jina la Fadhili William Mdawida, muda huo utakwisha Desemba 31, 2051.